Skrubu Isiyojibu

Mzee alikaza skrubu mpaka ikagota, akachomoa bisibisi, akanitazama. Injini iliendelea kuunguruma vilevile, utadhani hakuna aliyeigusa.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Basi ndiyo hicho."

Akarudi kwenye chai yake, aliyokuwa ameiegesha juu ya betri chakavu chini ya mwarobaini, akaniacha nimesimama mbele ya boneti iliyo wazi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kwenye gereji moja ya uani huko Kizota, upepo wa Dodoma ukifanya kazi yake ya kila mwaka ya kuhamisha vumbi kutoka kwa jirani kuja kwako.

Skrubu yenyewe ni ile ya mchanganyiko wa mafuta na hewa gari likiwa kwenye sailensi, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiikaza mpaka mwisho umeiziba njia ya chakula. Injini inatakiwa izime.

Haikuzima.

Hii ni wiki ya sita nalifikiria jambo hili. Gari limepona; juzi limenipeleka Hombolo na kunirudisha bila kinyongo. Kinachonikereketa ni mimi mwenyewe, na maelezo mazuri sana niliyokuwa nikiyatoa kwa kila mtu kabla ya Jumamosi ile.

## Makumbusho

Nilihamia Dodoma kutoka Dar mwezi wa tano, katika kundi la mwisho la ofisi yetu. Habari za kuhama sizielezi. Nusu ya mnaosoma hapa mmezipitia, na nusu nyingine mmewapangisha waliozipitia, kwa bei mnazozijua wenyewe.

Nilikuja na Corolla yangu, KE70, ile yenye umbo la kiberiti. Injini ni 4K, sentimita za ujazo 1,290, kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, choki ya kuvuta kwa mkono ili petroli izidi. Vijana wa ofisini wanaliita makumbusho. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu kule Tabata, Dar, pamoja na kitabu chake cha ufundi chenye kurasa zilizoloa oili, na tangu siku hiyo nimekataa kila ushauri wa kuliuza.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa na kiherehere cha mtu anayehama. Nilifunga vyombo, nikakunja nyaya za friji, pasi na redio nikazizungushia teepu ya umeme, nikashuka uani na tochi nikabadilisha chujio la hewa la gari, nikaangalia maji na oili, nikakaza na kufunga kila nilichokiona kinaning'inia. Saa nane usiku ndipo nikalala.

Asubuhi halikutaka kutulia bila choki. Nikasema baridi ya alfajiri. Msamvu nilipopunguza mwendo lilizima mara mbili. Nikasema joto la mchana. Katikati ya hapo, na kuanzia Dumila kupanda Gairo mpaka Kibaigwa, lilikata barabara kama halina miaka arobaini. Ndiyo maana sikushtuka.

Nilipoingia mjini, kwenye taa za kwanza, likazima. Za pili, likazima. Nyuma yangu kulikuwa na bajaji tatu na shangingi moja la serikali, na wote walikuwa na la kusema.

## Gari lililosetiwa Dar

Tangu hapo nikaishi maisha ya choki. Nikisimama navuta kidogo lisife, nikiondoka narudisha. Petroli ilinuka mpaka kwenye mtandio. Plagi zikawa nyeusi tititi kwa masizi. Na nikizima swichi, injini haikukubali kufa: ilikohoa, ikajitikisa, ikakohoa tena mara nne tano ndipo ikatulia. Majirani zangu wa Nkuhungu walikuwa wakijua nimerudi kabla sijagonga geti.

Fundi wa kwanza alipandisha sailensi. Ni dawa ya mafundi wengi hiyo: gari linazima, pandisha sailensi. Elfu ishirini. Likaacha kuzima na kuanza kupiga kelele kama linataka kupaa, na nikiachia klachi linaondoka lenyewe kama punda aliyeona nyumbani.

Wa pili alishusha kabureta zima, akaliosha kwa petroli, akapuliza kila tundu kwa kompresa, akalirudisha. Elfu sitini na gasketi. Likang'aa. Tabia ileile.

Ndipo nikakifungua kile kitabu cha mwalimu, nikakutana na aya kuhusu magari ya kabureta katika sehemu za miinuko. Hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea, na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi hewa. Nikaenda kutafuta kimo cha Dodoma: mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Gari langu lilisetiwa Tabata, ambako ukichimba kidogo unakutana na chumvi.

Nilifurahi kama mtu aliyepata hati safi.

Harufu ya petroli, masizi kwenye plagi, kuzima: kila kitu kikakaa mahali pake. Nikawaeleza watu wa kantini. Nikawaeleza majirani. "Tatizo lake limesetiwa kwa hewa ya Dar," nikawa nasema, na watu wakacheka, kwa sababu wenyewe walikuwa wanapasuka midomo na kutoka damu puani kwa ukavu wa hapa. Mmoja akasema basi na sisi tupelekwe gereji. Hadithi ikanoga. Kila nilipoisimulia ilizidi kuwa yangu: si gari tu, ni mimi, ni sisi wote tuliobebwa na maboksi kutoka pwani.

Kwenye kitabu hichohicho dawa ilionekana rahisi. Mchanganyiko mzito? Kaza skrubu ya mchanganyiko kidogo, upungue.

## "Haijibu, dada"

Sikuwa na ujasiri wa kuigusa mwenyewe. Nikamwita kijana wa mtaani kwetu anayetengeneza pikipiki za bodaboda. Ana mkono mwepesi, na hana dharau ya kuniambia niliuze.

Akaingiza bisibisi, akalegeza.

Nikamzuia. Skrubu hii mafundi wengine huiita ya hewa, wengine ya mafuta, na ugomvi wote unaanzia hapo. Kwenye pikipiki anazozishika yeye, skrubu imekaa upande wa kuingilia hewa na inapima hewa tupu: ukiikaza hewa inapungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Kwenye kabureta langu imekaa chini kabisa, upande wa injini, na inapima petroli iliyokwisha kuchanganyika na hewa kidogo: ukiikaza unapunguza chakula. Ni kinyume kabisa. Nilikuwa nimeyasoma hayo jana yake, nikamwelekeza kwa sauti ile ninayoitumia kwa wahasibu wapya.

Akakubali, akaizungusha upande wangu. Halafu akaizungusha upande wake. Halafu akanyamaza.

"Hii skrubu haijibu, dada."

"Kwa sababu unaichezea. Zungusha pole pole."

Akazungusha pole pole. Akarudia maneno yaleyale: haijibu. Nikamshukuru, nikampa elfu tano ya soda, nikaingia ndani nikiwa nimeamini kwamba mtu wa pikipiki hawezi kujua magari.

Nilikuwa sahihi kuhusu upande wa kuzungusha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Nilikuwa sahihi, na usahihi wangu ndio ulionifanya nisisikie jambo la maana zaidi lililosemwa kuhusu gari lile kwa miezi miwili.

## Mpira sikioni

Mzee wa Kizota nilielekezwa na dereva wa ofisi. "Huyo hana mashine ya kupima," akaniambia, "ila ana masikio."

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo, kujitia mwenyeji. Akaitikia, akacheka kwa jinsi nilivyolitamka, nikamwamkia shikamoo ya kawaida mambo yakaisha.

Nikamweleza kuhusu mwinuko. Nilimweleza vizuri, na namba zake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," akasema.

Halafu akaongeza, bila kuacha kukoroga chai: "Lakini mwanangu, Dodoma ipo hapohapo tangu mimi sijazaliwa. Gari lako limeanza lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la kwa nini, sikuwa na la lini. Nikasema nadhani tangu nifike. Akasema "unadhani", akainuka.

Alichofanya kwanza hakikuwa kushika bisibisi. Alichukua kipande cha mpira mwembamba wa maji, kama futi mbili, akaingiza ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha taratibu kuzunguka msingi wa kabureta, kwenye gasketi, kwenye kila kimpira cha vakyumu, injini inaunguruma. Alikuwa anatafuta mlio wa nyoka, yaani pale ambapo hewa inaibiwa kuingia bila kupita kabureta. Akanipa na mimi nisikilize. Ukiwa na mpira ule sikioni injini inaacha kuwa kelele moja. Unasikia vali zinagonga, feni inakata hewa, mkanda unapiga mluzi. Nyoka hakuwepo.

Akamwita kijana wake alete spana namba kumi na mbili, akakaza nati za kabureta japokuwa zilikuwa zimekaza. Akachungulia plagi, akaguna. Ndipo akachukua bisibisi yake, yenye mpini uliozungushiwa tyubu ya baiskeli, akafanya lile nililoanza nalo: akakaza skrubu ya mchanganyiko mpaka ikagota, kwa vidole viwili tu. "Usiikaze kama nati ya tairi," akamwambia kijana. "Ina ncha kama sindano. Ukiilazimisha inachongoka mfereji, na hapo haitaseti tena milele."

Injini ikaendelea kuunguruma.

Aliporudi kwenye chai yake akasema: "Hii skrubu haijibu."

Maneno yaleyale.

## Tak

Kisichojibu, akanieleza, ama kimezibwa, ama kinapitwa. Gari langu lilikuwa na yote mawili.

Kabureta ina njia zaidi ya moja. Ukikanyaga mafuta, bataflai, yaani kijimlango cha kuingizia hewa, inafunguka, hewa inapita kwa kasi na kunyonya petroli kutoka njia kubwa ya juu. Ukiachia, bataflai inafunga, njia kubwa inakosa mvuto, na injini inanyonya kutoka kwenye kijitundu kidogo kilicho chini ya bataflai. Hiyo ndiyo njia ya sailensi, na skrubu ya mchanganyiko ndiyo bomba lake.

Langu lilikuwa halinyonyi hapo kabisa. Yule fundi wa kwanza, alipopandisha sailensi, alikuwa ameiegemeza bataflai ibaki wazi, injini ikawa inaishi kwa makombo ya njia kubwa. Na mimi na choki yangu tulikuwa tunayaongeza makombo hayo, kwa sababu choki ikifungwa kidogo inavuta petroli nyingi zaidi kutoka hukohuko juu. Ndiyo harufu. Ndiyo masizi. Hata kile kikohozi cha baada ya kuzima swichi ni hicho: mlango umeachwa wazi, hewa na petroli zinaendelea kuingia kwenye injini ya moto, na moto hauhitaji plagi kuwaka.

"Zima," akasema. "Sasa fungua swichi tu. Usipige stata."

Nikafungua swichi. Alikuwa ameweka kidole kwenye kitu kidogo cha duara, ukubwa wa kidole gumba, kilichochomekwa ubavuni mwa kabureta.

"Funga. Fungua. Funga."

Kimya.

"Hapa palitakiwa kuwe na sauti."

Kile kidude ni solenoidi. Ndani yake kuna kipini kinachosukumwa na springi kuziba njia ya sailensi. Umeme ukija, kipini kinavutwa nyuma na njia inafunguka. Kiliwekwa makusudi kuzuia kile kikohozi: ukizima swichi, umeme unakatika, njia inazibwa, injini inakufa kistaarabu. Kina waya mmoja tu. Changu hakikuwa nao.

Mzee akaanza kupapasa. Akapitisha mkono chini ya chujio la hewa, nyuma, katikati ya nyaya za distribyuta, akavuta waya mmoja mwembamba uliokuwa umekunjwa na kusokomezwa pembeni. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa teepu ya kijani, kwa uangalifu kabisa, mizunguko mitatu minne, na mwisho wa teepu umekunjwa kidogo kama kisikio. Akashika kisikio, akavuta mara moja, ikavuka yote. Ndani kulikuwa na terminali safi, haina hata kutu.

"Nani alifunga hii?"

"Mafundi wa Dar," nikajibu.

Akatikisa kichwa. "Hao."

Akauchomeka. "Fungua swichi."

Tak.

Sauti ndogo, kama mtu aliyegonga kucha kwenye kikombe. Fundi wa pili alikuwa ameshusha kabureta zima na kulirudisha bila kuuona ule waya, au aliuona akaona haumhusu.

## Kupita na kurudi

Kilichofuata ndicho nilichokuwa nimekilipia tangu mwanzo bila kukipata, na kilichukua dakika ishirini.

Kwanza injini ipate moto kamili, choki isukumwe ndani yote, chujio la hewa lirudishwe mahali pake, kwa sababu gari halitembei bila chujio na halisetiwi bila chujio. Skrubu ya mchanganyiko ikakazwa mpaka kugota, kisha ikalegezwa mizunguko miwili na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Tukaliwasha. Mzee akailegeza ile skrubu nyingine, ya kuegemeza bataflai, mlio ukashuka, ukashuka, nikashika pumzi. Kwa miezi miwili hapo ndipo lilipokuwa linakufa.

Halikufa. Likabaki linanguruma chini, kwa aibu kidogo.

"Njoo," akanipa bisibisi.

Nikakaza robo mzunguko. "Subiri," akasema. Injini haijibu papo hapo. Inamalizia kwanza ilichokuwa nacho mdomoni. Nikasubiri. Nikakaza robo nyingine. Mlio ukawa mwembamba, mkavu, na boneti nzima ikaanza kutetemeka kwa kushtukashtuka, kama mtu anayepumua kwa shida. "Hapo lina njaa. Rudi."

Nikarudi. Likatulia. Nikaendelea kulegeza, na mlio ukapanda wenyewe bila mtu kukanyaga mafuta, ukawa laini. Nikaendelea. Ukaanza kuwa mzito, unayumba, du-du, du-du-du, na harufu yangu ya zamani ikarudi. "Hapo limeshiba mpaka linacheua. Rudi tena."

Nikamuuliza nitajuaje pale katikati ni wapi, maana kila nikipakaribia nahisi bado.

Akaniambia mjomba wake alikuwa fundi wa marimba, hizi za Kigogo za vidole, kama alizopiga marehemu Hukwe Zawose. Ulimi wa chuma ukiusukuma ndani sauti inapanda, ukiuvuta nje inashuka. Mjomba hakuwahi kuukaribia mlio kutoka upande mmoja akasimama. Alikuwa anapita, anasikia amepita, anarudi. "Usipopita hujui palikuwa wapi."

Basi nikapita na kurudi. Mara tatu, nne. Kila mlio ulipopanda tuliushusha kwa ile skrubu ya bataflai, tukarudi kwenye mchanganyiko, kwa sababu ukigusa moja nyingine inadanganya kidogo. Mwisho tukaiacha pale mlio ulipo juu kabisa, kisha tukakaza kiasi cha unene wa kucha, mpaka ukalegea kidogo sana. Hiyo ni kwa ajili ya matumizi ya mafuta, na kwa ajili ya mapafu ya watu: injini inayocheua inatoa ile hewa ya sumu kwa wingi zaidi, na hapa watu wanapasha magari moto ndani ya geti lililofungwa.

Mzee akachukua kipande cha gazeti, akakishika nyuma ya bomba la moshi. Kikapeperuka kwenda nje, sawasawa, tu-tu-tu-tu. Kingekuwa kinavutwa kurudi ndani mara moja moja, kuna silinda haichomi au vali haifungi. Hakikurudi hata mara moja.

Akakaza skrubu mpaka mwisho kwa majaribio. Injini ikazima papo hapo.

Sijawahi kufurahia gari kuzima kiasi kile. Akarudisha, akihesabu kwa sauti: mizunguko miwili kasoro robo.

"Unaona?" akasema. "Kitabu chako kilisema miwili na nusu. Hiyo iliyobaki ndiyo Dodoma yako."

Elfu kumi na tano.

## Kumi na nne

Mimi ni mkaguzi wa ndani. Mtu akiniletea maelezo mazuri namwambia asante, naomba viambatanisho. Usiku ule nilikaa na kikokotoo nikajikagua.

Kwa mita 1,120 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Petroli nayo inapungua kidogo, kama nusu ya hapo, kwa kuwa mvuto unaoinyonya umepungua pia. Kinachobaki ni mchanganyiko kuwa mzito kwa asilimia 5 hivi. Ukianza na ule uwiano unaotajwa kila mahali, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, unafika kama 14.

Kumi na nne! Injini ya petroli inapotaka nguvu zake zote hupenda kama kumi na mbili na nusu au kumi na tatu. Kumi na nne haimzimishi mtu kwenye taa. Namba zote nilikuwa nazo tangu siku niliyofungua kile kitabu, na ilikuwa hesabu ya kugawanya mara moja. Nisingehitaji hata hiyo: Mbeya iko juu zaidi, mita 1,700 hivi, na Peugeot na Land Rover za kabureta zimepandisha kule miaka nenda miaka rudi. Mbona hazikuzima kwenye kila kona?

Sikuikokotoa kwa sababu sikutaka. Najua ninavyokuwa nisipotaka. Nimewaona watu wengi wa namna hiyo upande wa pili wa meza yangu. Maelezo ya mwinuko yalikuwa yananipa kitu. Yalifanya kosa liwe la mahali. Nilikuwa sijataka kuhama, na hapa nilipata ushahidi wa kisayansi kwamba hata chuma hakikutaka.

Na yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilifikiria. Yangekuwa uongo, kijana wa bodaboda angetosha kuyaangusha kwa lile neno moja. Lakini ukweli ule ulikuwa na kazi yake, robo tatu ya mzunguko wa skrubu, mimi nikaupa kazi ya waya.

Nilimtafuta yule kijana nikamwambia alikuwa amesema kweli, haijibu. Akaniuliza, "Ipi?" Alikuwa ameshasahau. Kwake ilikuwa skrubu moja kati ya skrubu nyingi za wiki ile.

## Kisikio

Ningeishia hapo kama nisingehamisha friji.

Ilikuwa wiki mbili baada ya Kizota. Fundi umeme alikuja kuongeza soketi jikoni, nikalivuta friji kutoka ukutani, na nyuma yake ule waya mrefu ulikuwa bado umekunjwa kama nilivyoukunja Tabata, wote isipokuwa kipande kinachofika kwenye plagi. Umezungushiwa teepu. Ya kijani. Mizunguko mitatu minne, na mwisho umekunjwa kidogo.

Mimi hukunja mwisho wa teepu. Mama alinifundisha, ili siku ya kufungua usihangaike na kucha. Sijawahi kukutana na fundi anayefanya hivyo.

Nikakaa kwenye ndoo. Usiku ule na tochi, chujio la hewa mkononi, kuna kitu kilikuwa kinaning'inia. Sikumbuki nilikifikiria. Nadhani nililivuta boksi la chujio na waya ukachomoka nalo, nikauona hauendi popote, nikaufunga vizuri usije ukagusa chuma ukapiga shoti, nikausokomeza pembeni nikajisikia mtu makini. Sikumbuki. Lakini kisikio nakijua.

Kwa hiyo ile asubuhi ya choki haikuwa baridi, Msamvu haikuwa joto, na Dodoma haikuwa Dodoma. Na wale mafundi wa Dar niliowataja pale gerejini, nikajibu haraka hivyo mpaka mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, ni mimi.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kizota aniangalizie taimingi. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Alikuwa amelala chini ya Fuso, miguu tu iko nje, nikamwamkia miguu. Alipotoka nikatoa mkobani ile rola ya teepu ya kijani, nikaiweka juu ya betri, karibu na kikombe chake.

Akaifuta mikono kwenye ovaroli, akaichukua, akaigeuza geuza akitafuta mwanzo wake. Akakikuta kile kisikio. Akakishika kwa vidole viwili, akanitazama, akaitazama teepu.

"Inafaa," akasema, akarudi nayo chini ya Fuso kufungia waya wa taa.